Mwana Kupona Anapogeuka Kuomba

Kila nikimtajia mtu kwamba tasnifu yangu ya uzamili inahusu Utendi wa Mwana Kupona, jibu huja mbio: "Ule wa kumtii mume?" Wanaoupenda huuliza hivyo, na wasioupenda huuliza hivyo hivyo kwa sauti nyingine. Sishangai. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 waliupa anwani ya Kiingereza inayotaja wajibu wa mke, na tangu hapo anwani hiyo imekuwa ikitusomea utendi kabla hatujaufungua.

Hata utetezi wake umebaki palepale. Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, aliona katika wasia huu mbinu za mwanamke kushika mamlaka ndani ya nyumba isiyo yake, na kejeli chini ya upole. Usomaji huo ulihitajika, na beti zinazomfananisha mume na mtoto wa kubembelezwa zinauunga mkono. Lakini anayelaani na anayetetea wote wamemkodolea macho mume. Na mume alikwisha kufa! Bwana Mataka wa Siyu, aliyewasumbua masultani wa Unguja miaka mingi, hakuwapo tena Mwana Kupona alipoutunga utendi mwaka 1858. Anayezungumza ni mjane aliyeugua mwaka mzima, anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi.

Neno la kwanza analomtaka aandike si nasaha. Ni jina la Mungu, kisha salamu kwa Mtume. Wahakiki wengi huliruka hili kwa sababu ni desturi ya tenzi, na kweli ni desturi. Ila desturi hapa imefanyiwa kazi: mama hatamki tu bismillahi, anamwamuru mtoto aiandike kwa mkono wake. Somo la kwanza la kuandika linakuwa somo la kusifu.

Baada ya hapo zinakuja nasaha: dini, adabu, ulimi, usafi, mume. Sitazipamba. Ziko beti nisizoweza kumsomea mdogo wangu wa kike bila kusita, na anayesema zinamkandamiza mwanamke hajazisingizia. Kisha, zinapobaki kama theluthi ya beti mia na ushei, mshairi anasema amemaliza kumuusia mwanawe na sasa atamwomba Mungu. Tunaofundishwa utendi huu darasani mara nyingi tunaishia hapo. Kitabu kinafungwa kama vile kilichobaki ni shukrani za mwisho wa mkutano.

Mamangu hakuufunga. Ni mzaliwa wa Lamu, na mwaka jana alilazwa wiki tatu kwa maradhi ya figo. Nilikuwa nikienda na nakala yangu wodini kwa sababu tarehe ya kuwasilisha sura ya pili haikujua habari za figo. Siku moja akaniambia nimsomee. Nilipoanza mwanzo akanizuia: "Hayo ya waume nimeshayamaliza, mwanangu. Nisomee anapoomba." Nikasoma. Kila mwisho wa ubeti akawa anaitikia amin, na kufika ubeti wa kumi hivi alikuwa akitabasamu, yeye ambaye asubuhi alikataa hata uji.

Tabasamu lile ndilo lililonirudisha kwenye sarufi. Katika nasaha, binti anaambiwa aombe ruhusa, asubiri, anyamaze, aulize kwanza. Katika dua, mama yake haombi ruhusa hata mara moja. Anamwambia Mungu nipe, niondolee, nisikilize. Dua ya Kiswahili ina uhuru huu ambao tumeuzoea hadi hatuuoni: hatumwambii Mungu "tafadhali". Kitenzi kinakwenda kwake kikiwa uchi, kwa umbo lile lile ambalo bwana humtumia mtumishi, na hakuna anayeona ni utovu wa adabu. Mwanamke aliyetumia beti nyingi kufundisha unyenyekevu anaishia kwa kuamuru, na anayeamriwa ndiye Mkubwa kuliko wote. Wanaotafuta mamlaka ya Mwana Kupona wangeyapata huku.

Mtu anaweza kusema kwamba hii ni hofu ya mgonjwa tu, nisiiite furaha. Hofu imo. Anaomba apone, anawakabidhi wanawe kwa Mola kama anayeweka amana. Lakini sikiliza mwendo. Utendi mzima una kina kimoja cha mwisho, irabu a, na katika nasaha irabu hiyo hufunga amri kama mlango. Katika dua, ambapo kila ubeti unaita na kuomba, a ile ile inaacha kinywa wazi, na ubeti haujakauka unafuata mwingine. Kuna marudio, tena beti mbili tatu ni za kujazia mizani. Wala sidhani yalimhangaisha. Mtu anayefurahia kuita jina haoni hasara kuliita tena, na hapa ndipo mshairi huyu, aliyepima kila neno alipomwambia bintiye namna ya kuishi na watu, anaacha kupima.

Hakupona, ijapokuwa jina lake ndilo hilo. Alifariki yapata mwaka 1860. Dua haikungoja jibu ili iwe tamu, na utendi wenyewe haumalizikii kitandani: anawaita wanawake wote wausome na kuuelewa. Anasema wausome wote. Katika muhtasari wa kozi yetu, beti zilizowekwa kwa ajili ya mtihani zinakoma kabla ya dua kuanza.