N'djili: Msafiri anajengewa, mzigo unabaki kwenye jua

Wandugu, kila mara tunaposikia kazi mpya kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, simu zetu zinajaa picha: vioo, viti, taa. Tunashangilia, kisha tunagombana juu ya umbo la paa. Mimi nilisoma kilimo, si ujenzi, na naona tunauhukumu uwanja huu kwa mlango wa mbele peke yake.

Kwanza tuupe haki yake. Ulifunguliwa 1959, na Wabelgiji waliuacha na njia ya kurukia ya mita 4,700, moja ya zile ndefu zaidi katika Afrika. Mwaka 2015 likafunguliwa jengo jipya la safari za kimataifa, lile la vipande vya kuunganisha, kwa kupokea wasafiri milioni moja kwa mwaka. Mutu anayesema hakuna kilichobadilika, huyo hakupanga mstari katika jengo la zamani.

Sasa tuongee feza. Tangu 2009 msafiri analipa Go-Pass. Ilianza kwa dola 50 ukitoka nje ya nchi, dola 10 kwa safari ya ndani, na ikaelezwa kuwa ni ya kuendeleza viwanja. Viwanja, kwa wingi! Mama aliyetoka Kindu kwenda kuuguza mtoto wake Kinshasa alitoa dola zake 10 kama wengine. Huyo ana haki ya kuuliza jengo zuri la Kinshasa limemuletea nini yeye kule Kindu, na anaporudi na mzigo wake, nani anauangalia.

Maana hapa kwetu ndege si anasa. Nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3, na hakuna barabara ya kubeba chakula kutoka Goma mpaka Kinshasa bila kukioza. Ndege njo barabara yenyewe. Jibini la Masisi, ile fromaji ya Goma ambayo watu wa Kinshasa wanaipenda sana, lilikuwa linapanda ndege. Maharagwe ya Kivu vilevile. Uwanja wa Goma ulipofungwa mwisho wa Januari 2025, vita haikusimamisha wasafiri tu. Mfugaji wa Masisi naye alikatiwa soko, na yeye hajawahi hata kuingia ndani ya ndege.

Miaka michache nyuma nilituma katoni nne za mbegu za viazi. Kwenye uwanja mmoja wa ndani, siutaji, zilikaa siku mbili kwenye jua, juu ya saruji. Tulipozifungua, kulitoka maji na harufu. Nyote mulisoma fiziolojia ya mimea munajua: kiazi kinapumua, joto linakiharakisha, kisha bakteria wanamaliza kazi. Hakukuhitajika vioo hapo. Kulihitajika kivuli, mbao za kupanga katoni, na frigo yenye umeme usiokatika.

Kule Kenya, ua linakatwa Naivasha, linawekwa kwenye baridi, na halitoki kwenye baridi mpaka ndani ya ndege pale Nairobi. Addis Ababa nako Ethiopian wana vyumba vya baridi vya maua, mboga na nyama. Sasa Ethiopian hao hao ni washirika wa serikali yetu katika Air Congo, iliyoanza kuruka Desemba 2024. Mwalimu tuko naye nyumbani tayari. Mbona tunamuuliza habari za viti tu?

Wengine watasema mizigo ni kazi ya wafanyabiashara, wajijengee. Sawa. Lakini kiwanja ni cha serikali, umeme ni wa serikali, na ada zote anazolipia mwenye kilo moja ya samaki ni serikali inazipanga. Mfanyabiashara gani atajenga chumba cha baridi bila kujua kesho ataongezewa ada gani?

Na kuko jambo lingine ambalo halitokei kwenye picha: karantini. Yule kiwavi wa mahindi kutoka Amerika alionekana Afrika 2016, na wataalamu wengine wanafikiri alivuka bahari ndani ya ndege. Huduma yetu ya karantini, SQAV, inahitaji meza, mwanga, lensi na mahali pa kuchoma kilicho kibaya, tena karibu na mzigo, si biro ya juu ghorofani.

Kwa hiyo wakitoa ramani nyingine ya N'djili, mimi nitaruka kurasa za vioo. Nitatafuta vyumba vya baridi ni mita ngapi, kilo moja italipiwa bei gani, na lori la mboga linaingilia wapi wakati Boulevard Lumumba imefungana. Wenye kusoma uhandisi kati yenu, nisaidieni kuisoma.