Ramani Iliyokuwa Ukutani

Kwa miaka mingi nilifundisha jiografia mbele ya ramani moja ya dunia, kwanza katika madarasa ya tano hadi ya saba, baadaye katika chuo cha ualimu. Sasa nimestaafu, na naona sina budi kuihukumu ramani ile, pamoja na mwalimu aliyesimama mbele yake.

Ilikuwa ni ramani ya mtindo wa Gerardus Mercator, wa mwaka 1569. Yeye aliwachorea mabaharia, na kwa kweli aliwafaa: nahodha akipiga mstari ulionyooka kutoka bandari hadi bandari, anapata uelekeo mmoja wa dira wa kuufuata safari nzima. Lakini dunia ni duara na karatasi ni bapa. Ili mistari hiyo inyooke, ilibidi nchi zitanuliwe kadiri zinavyokwenda mbali na ikweta. Kwenye latitudo ya digrii 60 kila urefu umezidishwa mara mbili, na eneo mara nne. Sisi wa karibu na ikweta tulibaki tulivyo, na kwa hiyo tukaonekana wadogo.

Siku moja niliuliza darasa la sita: kipi kikubwa, bara la Afrika au kisiwa cha Greenland? Msichana mmoja akasimama, akaitazama ramani kwa makini, akajibu, "Vinalingana, mwalimu." Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikamwambia akae chini. Afrika ina kilometa za mraba zipatazo milioni 30. Greenland haifiki hata milioni 2.2. Mimi jibu nililitoa kitabuni. Yeye alilitoa ukutani, mahali nilipomfundisha mwenyewe kutazama. Muhula ule hakunyoosha mkono tena.

Wapo wasemao dawa ni kubadili ramani. Ile aliyoitangaza Arno Peters mwaka 1973 huzipa nchi ukubwa wake wa haki, lakini Afrika hurefuka kama sweta iliyoanikwa ingali imeloa. Hakuna karatasi isemayo kweli yote. Kosa langu, ndugu msomaji, lilikuwa kuitundika ramani bila kueleza nani aliichora, na kwa kazi gani.

Miaka yangu ya mwisho chuoni niliwaagiza wanachuo waje na machungwa. Tulichora mabara juu ya maganda kwa kalamu, tukayamenya, tukajaribu kuyalaza mezani. Yalipasuka kila mara. Ndipo nikawasimulia habari za yule msichana. Mwanachuo mmoja akauliza, "Mwalimu, ulimwomba radhi?"

Nikasema hapana. Alimaliza shule, na sikupata tena habari zake. Ndiyo maana nimeandika haya: mwalimu atakayecheka jibu la mtoto, kwanza ageuke atazame kilicho ukutani nyuma yake.