Nafasi ya "Kufikirika" katika Riwaya za Shaaban Robert

Ni rahisi kuisoma Kufikirika kama mwangwi wa Kusadikika, lakini usomaji huo hufuata tarehe za wachapishaji, si mwendo wa kalamu ya mwandishi. Kusadikika ilitoka mwaka 1951. Kufikirika, iliyokwisha kuandikwa mwaka 1946, ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya Shaaban Robert kufariki. Mswada uliokosa wasomaji huathiri fasihi kwa kupitia mkono wa mwandishi wake tu. Basi athari yake haina budi kutafutwa humo. Katika Kufikirika, nchi iko tayari kumtoa kafara mwerevu pamoja na mjinga ili mwana wa mfalme apone. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa visa vya wajumbe sita waliofungwa kwa kuitumikia nchi yao. Dhamira ni ile ile: dola inayoiadhibu busara inayoihitaji. Lililozidi ni kwamba sasa mshtakiwa amepewa baraza la kujibia. Yafaa, basi, Kufikirika ifundishwe kwanza, kama chimbuko wala si marudio.