32 kwa 22: Hesabu ya Novemba Ilivyoharibika

Kujumlisha hakukuwa na kosa; kosa lilikuwa kwenye kugawa. Siku kumi baada ya ghasia za tarehe 18 na 19 Novemba 2020, zilizozuka mgombea urais Bobi Wine alipokamatwa Luuka, Uganda, Rais Museveni alitangaza kwamba waliokufa ni 54. Jumla ilitolewa mapema, na hilo tulipongeze. Kisha akaikata vipande viwili: 32 walikuwa wafanya ghasia, waliobaki hawakuwemo, na jamaa za hao wasiokuwemo wangelipwa fidia. Safu hii imepiga kelele miaka yote kuhusu kiasi kisicho na asili, yaani namba ya juu ya sehemu isiyo na ya chini. Safari hii hata kiasi chenyewe kilipikwa jikoni.

Mfanya ghasia ni nani? Aliyebeba jiwe, aliyechoma tairi, au aliyevaa kofia nyekundu ya wafuasi wa Bobi Wine, ambayo tangu Septemba 2019 inahesabiwa kuwa sare ya jeshi? Muuza rolex, ile chapati ya mayai, aliyeinama kuzima sigiri yake akimbie anaingia safu ipi? Kipimo hakikutajwa. Jina lilibandikwa mtu akishakufa, na waliolibandika ni upande ule ule ulioshika bunduki. Halafu jina hilo hilo likageuka kuwa sababu ya risasi. Hapo kinachotafutwa kimeingizwa kwenye hesabu kabla haijaanza. Hata tukikubali mgawanyo huo ulivyo, 22 kati ya 54 ni asilimia 41. Risasi inayolenga mtu anayetishia uhai wa mwingine haiangushi wapita njia wanne katika kila maiti kumi. Namba iliyoletwa kuwatetea askari ndiyo inayowashtaki. Marehemu Jenerali Elly Tumwine, akiwa waziri wa usalama, alisema polisi wana haki ya kumpiga mtu risasi na kumuua akifikia kiwango fulani cha vurugu. Haya, basi tuonyeshwe wale 32 walivyokifikia, mmoja mmoja.

Wamarekani walishauchambua mtego huu kwa upande wa rangi. Mwaka 2016 mwanauchumi Roland Fryer aliona kwamba katika ukaguzi wa barabarani New York, Weusi walitumiwa nguvu za aina fulani kwa zaidi ya asilimia 50 kuliko Weupe, lakini katika kupigwa risasi, kwa data za Houston, hakuona tofauti. Wengi walishangilia nusu ya pili. Mwaka 2020 watafiti Knox, Lowe na Mummolo wakaeleza tatizo la kumbukumbu za aina hiyo: zinaandikwa na polisi, na zinaanza mtu akishasimamishwa. Kama Weusi wanasimamishwa hata bila sababu, asili inajaa watu wasio na hatari yoyote, na kiwango cha kuumizwa kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. "Aliyesimamishwa" wa kule ndiye "mfanya ghasia" wetu: wote wawili wamezaliwa na kalamu ya askari.

Hapa kwetu badala ya rangi kuna kabila na mtaa. Mwaka 2009 Kabaka wa Buganda alipozuiwa kwenda Kayunga, Human Rights Watch walihesabu watu wasiopungua 40 waliouawa, na swali la kama Baganda walilengwa likabaki bila namba za kulijibu. Watasema kuchapisha makabila ya maiti ni kumwaga petroli. Mbona sensa ya 2014 iliyachapisha ya walio hai, na Katiba ikaorodhesha jamii 65? Pingamizi lenye uzito ni jingine: ghasia zikitokea Kampala, waliokufa wengi watakuwa wakaaji wa Kampala, kwa hiyo kuwagawa kwa idadi ya raia wote wa Uganda ni upuuzi. Kweli kabisa. Asili inayofaa ni watu waliokuwa barabara ile, saa ile, na kwa kuwa hao hawahesabiki kwa uhakika, ni lazima tuitazame maiti yenyewe: iliangukia wapi, saa ngapi, risasi iliingilia kifuani au mgongoni.

Kazi hiyo inawezekana. BBC Africa Eye waliifanya vizuri mwaka 2021 kwa kuunganisha video za simu za Kampala Road. Lakini mabingwa wangu ni wa zamani: Tume ya Jaji Arthur Oder ya kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, iliyoanza mwaka 1986, ikakaa miaka minane kwa fedha za kuokoteza, ikawaita mashahidi hadharani na kuandika nani aliumizwa, wapi na na nani. Oder hakuanza na safu mbili za watu wazuri na wabaya. Watasema miaka minane ni mingi mno kwa taifa linalosubiri majibu. Sawa, lakini siku kumi zilitosha kuwapa watu 32 jina. Basi zilitosha pia kuandika sababu zake. Mwenye orodha hiyo aichapishe, na mbele ya kila jina aweke kitendo.