Usaliti Juani

Filamu nyingi kuhusu enzi ya Stalin hupenda giza: usiku wa manane, viatu ngazini, mlango unagongwa. Nikita Mikhalkov aliikwepa njia hiyo katika Burnt by the Sun (1994), iliyotwaa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kamanda Kotov, shujaa wa mapinduzi, anachukuliwa nyumbani kwake shambani siku ya kiangazi mwaka 1936. Jua linawaka, watu wanaoga mtoni, chai iko mezani.

Taharuki inatoka wapi, basi? Inatokana na kinachotangulia kuonyeshwa. Mapema tu tunamwona Mitya, aliyewahi kuwa mpenzi wa mke wa Kotov, yuko Moscow na bastola mkononi. Anapoingia kwa Kotov kwa mbwembwe, amejigeuza kizee kipofu, familia inaangua kicheko. Sisi hatuwezi kucheka nao.

Tukio lililosukwa kwa ustadi kuliko yote ni la ngano. Mitya anamsimulia Nadya, binti mdogo wa Kotov, hadithi ya kijana Yatim, yaani jina lake mwenyewe lililopinduliwa. Mtoto anasikia hadithi tu. Mama anasikia kwa nini aliachwa. Baba anasikia mashtaka, kwa kuwa ni yeye aliyempeleka kijana huyo ughaibuni kuifanyia kazi idara ya usalama. Hakuna anayepaza sauti, na mtazamaji aliyedhani msaliti ni mmoja inambidi ahesabu upya.

Mikhalkov mwenyewe anamcheza Kotov, na Nadya anachezwa na binti yake wa kumzaa, Nadezhda. Ndiyo maana mapenzi yao ndani ya mtumbwi hayana harufu ya uigizaji. Kisichonishawishi ni kimpira cha moto kinachoelea na kuchoma vitu. Mwongozaji tayari alikuwa na jua, hakuhitaji kutukumbusha.

Dereva mmoja wa lori, kwa upande wake, ametumika vizuri mno. Kutwa nzima anazunguka akiuliza njia ya kijiji asichokipata, nasi tunamchukua kama kichekesho cha kupumzishia moyo. Mwishoni lori lake linakutana na gari lililombeba Kotov, ambaye hadi dakika hiyo alijiamini kwa sababu ana namba ya simu ya Stalin. Dereva anamtambua Kotov. Shahidi kama huyo haachwi, na waliomchukua Kotov wanamuua palepale, katikati ya shamba la ngano, mchana.