Mbuyu, Masa, Sumuni: Nani Anatunza Sheng ya Zamani?

Ukitaka kukisia umri wa mtu aliyekulia Eastlands, achana na mvi. Sikiza anavyomtaja baba yake. Akisema "mbuyu", na mama akawa "masa", jua huyo alikuwa ashaota ndevu kabla simu ya mkono ifike mtaani. Akisema "buda", mnakaribiana. Na vijana wa saa hii wanaitana "buda" wenyewe kwa wenyewe pale steji, hakuna mzazi wa mtu hapo. Neno limehama kutoka kwa baba likaenda kwa beshte, na hakuna aliyeitisha mkutano.

Wasee wa kitambo wakikutana, hii ndiyo stori haiishi. Mmoja anatoa "odijo" kumaanisha mwalimu, mwingine anajibu na "njuti" za viatu, wa tatu anakumbuka "mariamu", ile lori ya karao, na wote wanacheka. Mpaka hapo niko na wao. Shida inaanza hukumu ikitolewa: ati Sheng ya siku hizi ni kelele tu, Sheng yenyewe ilikufa na wao. Hapo orodha ya maneno inageuka kuwa hati ya mashtaka, na mshtakiwa ni mtoto wa miaka kumi na saba kule Kayole.

Naona kosa hilo hilo kwenye kitabu ambacho kilifanya kazi kubwa na bado kinaniudhi. Mwaka wa 2003 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TUKI, ilichapisha kamusi ya Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga. Jina lake ni Sheng-English Dictionary: Deciphering East Africa's Underworld Language. Soma hilo jina polepole. Taasisi ya Kiswahili inatoa kamusi ya Sheng, lugha iliyosimama kwa mifupa ya Kiswahili, halafu maana zinaelezwa kwa Kiingereza. Na kwenye jalada Sheng inaitwa lugha ya ulimwengu wa wahalifu, kitu cha kufumbuliwa kama barua ya adui iliyonaswa njiani.

Haki yao tuwape. Wakati walimu walikuwa wanaadhibu watoto kwa kubonga Sheng darasani, hawa wawili waliketi wakaihesabu neno kwa neno. Kuna maneno ambayo bila watu kama wao hayangekuwa na karatasi popote. Lakini kamusi inapanga maneno kwa herufi. Neno la Pumwani linaketi kando ya neno la Buru, la babu kando ya la mjukuu, kana kwamba wote waliwahi kukutana. Unapata maana. Humpati msemaji, mtaa, wala mtu ambaye neno lilikuwa linamkwepa.

Sasa weka kamusi hiyo kando ya wimbo. Miaka ya tisini Kalamashaka walitoka Dandora na ngoma inaitwa "Tafsiri Hii". Jina tu linatosha. Hao hawakumpa msikilizaji ufunguo, walimpa kazi. Ukitaka kuelewa, kuja ukae na sisi, ujue nani anaongea na ana njaa ya nini. Kati ya "fumbua wahalifu" na "tafsiri hii" kuna tofauti ya mtu anayekupekua mfukoni na mtu anayekukaribisha ukae.

Ndiyo maana swali la "maneno gani yamekufa?" halinitoshi. Nauliza yamekufaje, kwa sababu kila kifo kina habari ya mtaa ndani yake.

Yapo yaliyokufa na pesa. Ndururu ilikuwa senti tano. Sumuni ilikuwa senti hamsini, na hilo jina ni zee kuliko Nairobi yenyewe: linatoka kwa Kiarabu, sehemu moja ya nane, hesabu ya Pwani ya kabla shilingi ianze kutumika huku mwaka wa 1921. Hesabu ya nane ikasahaulika, jina likabaki kwa sarafu. Kisha sarafu nayo ikakosa cha kununua. Kobole, shilingi tano, inaelekea huko huko. Uliza mama mboga ana nini cha kobole leo. Vijana hawakuyaacha maneno haya kwa uvivu. Bei ya unga iliyapita.

Lakini hata hapo lugha haina sheria rahisi. "Matatu" ilizaliwa kwa nauli ya senti thelathini, sarafu tatu za senti kumi. Hiyo nauli ilishazikwa zamani na hakuna kondakta anayeikumbuka, ila neno liko hai, limeingia mpaka kwa sheria za trafiki. Na "kanjo" je? Baraza la Jiji la Nairobi lilivunjwa 2013 serikali za kaunti zilipokuja. Miaka imepita na mchuuzi wa Muthurwa bado anapiga nduru "kanjo!" akiona wale jamaa wa kubeba bidhaa za watu. Neno halikufa kwa sababu kwa upande wa mchuuzi hakuna kilichobadilika isipokuwa maandishi kwa gari. Huo ni uchambuzi wa siasa ya kaunti, kwa silabi mbili.

Yapo yaliyokufa kwa kujulikana. Wengi wanasema Sheng ilikolea Eastlands miaka ya sitini na sabini. Wapo wanaoirudisha hadi miaka ya 1930. Vyovyote iwavyo, fikiria nyumba za kanjo, Kaloleni au Shauri Moyo, wazazi na watoto chumba kimoja, pazia katikati. Kila familia na lugha yake ya ocha, watoto wote wako nje pamoja. Unataka kumwambia beshte kuhusu msupa na masa yuko hapo anachagua maharagwe. Utajifungia wapi, kama si ndani ya maneno? Neno la kazi hiyo masa akilishika, limekwisha. Unatengeneza lingine. Ndiyo maana karao, mapenzi na pesa vina majina mengi kuliko vitu vingine vyote: ndivyo vilivyohitaji kufichwa zaidi. Mtu anayelia kwamba maneno ya zamani hayatumiki analia kwamba kufuli ilibadilishwa baada ya ufunguo kuibiwa.

Na yapo yaliyonunuliwa. "Kubonga" lilikuwa neno letu la kuongea, kisha likawa pointi za Safaricom unazolimbikiza kwa kupiga simu. "Sonko" lilikuwa tajiri yeyote mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Mwaka wa 2017 jina hilo likachaguliwa kuwa gavana wa Nairobi, na tangu hapo ukilitamka watu wanafikiria mtu mmoja. Neno likifika kwa bango la barabarani, watoto wa mtaa washahama. Sioni kama ni hasara. Ni kodi wamekataa kulipa.

Wanaohesabu maneno pia hawaangalii kinachobaki. Msee wa "mbuyu" na kijana wa "buda" wote wanasema "anakujanga usiku", na hiyo "-anga" ya mazoea huipati kwa Kiswahili cha mtihani. Wote wanasema "kamat" na "tumat", na "ka-" hiyo imetoka kwa lugha za nyumbani, si kwa kitabu cha sarufi. Wote wanakata majina ya mitaa vile vile: Kaloleni ikawa Ololo, Jerusalem ikawa Jerusa, Eastleigh ikawa Isich. Maneno ni nguo. Mshono ndio umerithiwa, na mshono uko sawa kabisa. Chege Githiora aliona jambo hilo kwenye kitabu chake cha 2018, Sheng: Rise of a Kenyan Swahili Vernacular, ambacho kinaiweka Sheng ndani ya ukoo wa Kiswahili. Kutoka "wahalifu" hadi "ukoo" ni miaka kumi na mitano. Ni hatua, ingawa nacho kimeandikwa kwa Kiingereza, na wanaozungumziwa si lazima wakifikie.

Na anayesema Sheng ya leo ni nyepesi, akae chini na Mbogi Genje. Walipotokea, watu wa miaka thelathini waliozaliwa hapa hapa Eastlands walikuwa wanaomba tafsiri kwa wadogo zao. Kalamashaka walitoa amri; Mbogi Genje wamewarudishia hao hao waliokuwa wakiishangilia. Tofauti ni kwamba sasa wewe ndiwe masa upande ule wa pazia. Inauma kidogo. Inafaa iume.

Mbona basi nijali maneno yaliyokufa? Kwa sababu nyumba nazo zinaenda. Pangani ya zamani, zile nyumba za chini za kanjo, ilibomolewa maghorofa yakapanda. Watu wa Makongeni, mtaa wa wafanyakazi wa reli, wameishi na habari za kuhamishwa kwa miaka. Familia zikitawanyika, moja Ruai, nyingine Kitengela, kinachobaki cha mtaa ni vile watu wake walikuwa wanaongea. Na wengi wao wameambiwa tangu shuleni kwamba huko kuongea ni takataka. Chuoni, kabla niache, mhadhiri alichora wino mwekundu chini ya "mathe" kwenye hadithi yangu na kuandika "lugha ya mtaani". Mhusika alikuwa kijana wa Dandora anampigia mama yake simu. Alitaka aseme "mama mzazi"?

Orodha na kamusi zitaendelea kutengenezwa, na ni sawa. Ila naamini hifadhi bora ya Sheng iko kwa ngoma, kwa Ghetto Radio, kwa katuni za Shujaaz zilizoanza 2010, mahali ambapo neno lina mdomo, uso na tarehe. Humo unaona nani alimwambia nani, na kwa nini hakulisema kwa Kiswahili sanifu.

Kwa hivyo ukiwa na mzee wa Ziwani au shosho wa Bahati, usimuulize tu neno lilimaanisha nini. Muulize lilisemwa mwaka gani, kwenye ploti gani, na lilikuwa la kumficha nani. Rekodi kwa simu. Maana ya "mbuyu" utaipata popote. Kile kijana wa Ololo alikuwa anamficha mbuyu, anayekijua ana miaka sabini sasa, na hakuna mtu amemuuliza.