Kiraka Kwanza, Rangi Baadaye

Anayetafuta vyombo vya kale vya kupakulia chakula mjini Bariadi asianzie dukani. Aanzie kwa bibi wa mtu, apige hodi asubuhi, amwamkie kwa Kisukuma "mwangaluka mayu", akae, aulize habari za mvua na za ng'ombe, ndipo ainue macho. Vibuyu hutundikwa juu, watoto na panya wasivifikie. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanatazama rangi. Wakiona kibuyu kimeiva wekundu wa kahawia, wanatoa pesa. Ushauri wangu ni kutazama kiraka kwanza.

Kibuyu hakinunuliwi kiwandani. Kinaota. Mmumunye unatambaa juu ya ua au kando ya shamba la mahindi, tunda likiwa changa linapikwa mboga, likiachwa linakomaa na ganda lake linakuwa gumu kama ubao. Kila msimu yapo mengine. Basi mtu anapokaa nusu siku kushona kibuyu kilichopasuka, ilhali angeweza kungoja mavuno akapata kipya bila senti, anakuambia kwamba hiki kilikuwa na sifa ambayo hakuwa tayari kuipoteza. Na kibuyu kisicho na hata mkwaruzo, kinachosemwa kimekaa miaka arobaini katika nyumba yenye watoto na mifugo? Ama hakikutumika, ama si cha zamani.

Sifa hiyo huanzia shambani. Tunda lililoning'inia hunyooka shingo. Lililolala chini hupata kitako bapa na shingo iliyopinda. Mkulima mwenye jicho huligeuza likiwa bado changa, au hulifunga kamba shingoni ili lichukue umbo analotaka. Likikauka na mbegu zikaanza kulia ndani ukilitikisa, hutobolewa mdomo, hujazwa maji, huachwa nyama yake ioze. Kisha kazi isiyo na haraka: kukwangua kwa kijiti, kutia changarawe na mchanga, kutikisa, kumwaga, kujaza tena, mpaka maji yanayotoka yasiwe machungu. Wengine huachia hapo. Ila uchungu una tabia ya kujificha kwenye shingo, na maziwa ya kwanza huufichua. Kibuyu ambacho hakimwagiki ovyo, kinachokaa chenyewe bila kuegemezwa, na ambacho kimenyweshwa maziwa miaka mingi hadi ladha ya ganda ikaisha kabisa, hakipandwi msimu mmoja. Ndiyo maana kinashonwa.

Mshono wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Ufa wa kibuyu huanza mdomoni na kushuka kuelekea tumboni. Fundi mzuri hashiki sindano kwanza. Analowesha ganda lilainike kidogo, kwa sababu ganda kavu likitobolewa huongeza ufa badala ya kuuzuia. Halafu anatafuta mahali ufa unapoishia, pale ambapo jicho la haraka halioni kitu, na anatoboa kitundu kimoja cha mviringo kwa msumari wa moto. Nguvu inayopasua hukusanyika kwenye ncha ya ufa; ikikutana na duara hutawanyika, na ufa unakoma. Mafundi wa bati na wa plastiki hufanya vivyo hivyo. Baada ya hapo vinafuata vitundu viwili viwili, kimoja kila upande, mbali kidogo na ukingo ili visikate ganda, na uzi unapita ukivuka. Katani ikilowa huvimba, hivyo mshono wa katani hukaza zaidi kibuyu kinapotumika. Palipobaki upenyo hupakwa nta ya nyuki.

Sasa shika kibuyu uone tofauti. Mshono wa haraka una vitundu vilivyopishana, vingine vikubwa vingine vidogo, na ncha ya ufa imesahauliwa. Ufuate kwa ukucha utaona umeendelea kushuka chini ya mshono. Mshono wa subira ni mstari ambao ungeweza kuupimia rula, na ndani hakuna fundo linalokwaruza kidole. Nyuzi nazo zina historia. Bariadi nimewahi kushika kimoja chenye kano za ng'ombe mdomoni, waya wa shaba ubavuni, na karibu na kitako uzi wa nailoni uliochomolewa kwenye kiroba. Enzi tatu, na yamkini mikono mitatu. Wa kano alikuwa fundi kuliko wote.

Watu wa mbali nao waliwahi kuheshimu kiraka. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo kuna bakuli la chai la kaure ya kijani kutoka Longquan, China. Habari iliyoandikwa mwaka 1727 inasema kwamba katika karne ya 15 mtawala Ashikaga Yoshimasa alilirudisha China kwa kuwa limepasuka, akaomba mfano wake mwingine. Wachina walijibu kwamba hawawezi tena kutengeneza lililo bora kama hilo, wakalirudisha limebanwa kwa vibanio vya chuma. Wajapani wakaliita kwa jina la nzige, kwa vile vibanio vile vinafanana naye. Msukuma aliyewahi kupiga madebe shambani kufukuza nzige huenda asingechagua jina hilo, lakini sababu ya kulitunza bakuli angeielewa.

Rangi nayo isidharauliwe, ila ije ya pili. Uzee wa kweli hauko sawa kila mahali. Shingo, pale mkono unaposhika, hung'aa na kuwa nyeusi kidogo kwa mafuta ya viganja, kitako hulika, upande ulioelekea moshi wa jiko huiva kuliko ule ulioelekea ukuta. Kibuyu chenye wekundu ule ule juu mpaka chini kimepakwa mafuta, au dawa ya viatu, kwa ajili yako mgeni. Kinuse pia. Harufu ya maziwa mgando ya zamani haina neno. Harufu ya mafuta ya taa au ya dawa, kirudishe bila kubishana bei: huu ni mkoa wa pamba, na mbegu na dawa za shambani zimewahi kuhifadhiwa katika chochote kilichokuwa karibu.

Pamba hiyohiyo ilileta aina ya pili ya vyombo vya kale. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, Maswa, na mwaka 1955 wakulima chini ya Paul Bomani waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika shirikisho la Victoria, VFCU. Fedha ya pamba iliingia kwa msimu, na ilipoingia ilinunua baiskeli, kanga, na vyombo vya bati vyenye maua: sahani, bakuli zenye vifuniko, masinia ambayo familia nzima iliyazunguka. Vinaitwa vya bati, lakini unachokiona ni kioo, unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma katika joto la nyuzi kama 800. Kioo hakipindi, chuma kinapinda, na ndiyo sababu sinia likianguka hubanduka vipande.

Hapa kanuni yangu ya kiraka inageuka, na sioni aibu kuigeuza. Ubanduko wa nje si kitu. Ubanduko wa ndani, mahali chakula kinapolala, ni kutu mezani. Tundu lililozibwa na mafundi wa mitaani kwa risasi ya kulehemu lisiguse chakula kamwe, kwa kuwa risasi ni sumu; lililozibwa kwa ribiti na kipande cha bati angalau lina heshima yake, weka humo machungwa. Vyombo vya zamani vyenye rangi nyekundu, ya manjano au ya chungwa upande wa ndani huenda vikatoa kadimiamu, ambayo nayo ni sumu, hasa ukivitilia achari au kitu chochote kichachu. Vyeupe ndani, maua nje, ukingo wa buluu: hivyo ndivyo ninavyovitafuta.

Pwani walikuwa na desturi nyingine. Nyumba za Lamu zilikuwa na zidaka za kupangia kaure, na makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa sahani za China. Chombo kilikuwa cha kutazamwa. Usukumani kilishushwa kila siku. Anayetaka kuona vilivyobaki bila kumsumbua bibi wa mtu aende Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, ambako jengo moja limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga na sehemu ya Mwanza, ungefaa kuwa na makumbusho yake wenyewe kama hayo.

Mezani usichanganye mno. Kibuyu kimoja cha maziwa mgando, chenye kizibo cha gunzi, kinatosha. Vikiwa vitatu meza inakuwa maonyesho ya Nane Nane pale Nyakabindi. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ikipikwa na karanga inapendeza kwenye bakuli jeupe la bati kuliko kwenye sahani ya udongo ya dukani. Ugali kwenye sinia, kila mtu anawe. Usimimine chai ya moto ndani ya kibuyu cha maziwa, na usikioshe kwa sabuni, kwani ganda linainywa na maziwa ya kesho yatakuwa na povu. Maji ya vuguvugu, kisha kigeuzwe mdomo chini kikauke. Wakalenjin wa Kenya husugua ndani kwa mkaa wa mti maalumu kabla ya kutia mursik, maziwa yao mgando. Ukipata anayejua kufanya hivyo, mwache afanye yeye.

Na ukiambiwa kibuyu fulani hakiuzwi, usipandishe bei. Vingine ni vya matambiko, vimekaa pale kwa ajili ya watu waliokwisha kufa. Omba mbegu. Mvua za Novemba zikianza uzipande kando ya ua, uchague matunda machache, mengine uyachume uyapike mboga.